Radi na umemetuli kwenye ndege za abiria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza maswali haya wana hofu ya kweli, na hofu hiyo haiondoki kwa kuambiwa tu kwamba ndege ni salama. Huondoka mtu akielewa umeme unapita wapi, unaharibu nini, na nani anakagua baadaye. Majibu mengine hapa ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni mengi.

Je, ni kweli ndege za abiria hupigwa na radi?

Ndiyo, tena mara nyingi kuliko abiria wanavyodhani. Kwa wastani ndege ya abiria inayofanya kazi kila siku hupigwa kama mara moja kwa mwaka. Zile za safari fupi hupigwa zaidi kuliko zinazovuka bahari, kwa kuwa hupaa na kutua mara nyingi kwa siku. Radi nyingi huipata ndege inapopanda au inaposhuka ndani ya mawingu, kwenye kimo cha mita 1,500 hadi 4,500 hivi, mahali ambapo hewa ina joto la karibu nyuzi 0 za Selsiasi. Ikishafika mita 11,000 huwa juu ya mawingu mengi, ingawa mawingu makubwa ya dhoruba katika nchi za joto huweza kupita kimo hicho.

Radi huifuata ndege, au ndege ndiyo inayoiita?

Mara nyingi ndege ndiyo inayoiita. Katika matukio takriban tisa kati ya kumi, radi iliyoipiga ndege ilianzia kwenye ndege yenyewe.

Ndani ya wingu la dhoruba, chembe za barafu hugongana na kugawana chaji, upande mmoja ukabaki na chaji chanya na mwingine hasi. Kati ya pande hizo kuna uga mkali wa umeme, yaani eneo ambamo chaji huvutwa na kusukumwa kwa nguvu. Ndege ni chombo kirefu kinachopitisha umeme, na ikiingia hapo katikati uga hukazana kwenye ncha zake: pua, ncha za mabawa, mkia. Hewa iliyo kwenye ncha hizo ikizidiwa, huanza kupitisha umeme. Mchirizi mmoja hutoka upande mmoja wa ndege, na mwingine hutoka upande wa pili ukielekea kinyume. Michirizi hiyo ikifikia sehemu zenye chaji, njia imekamilika, na ndege imo katikati ya njia hiyo.

Mengi ya haya yalijulikana kwa kazi ya NASA, shirika la anga la Marekani. Kuanzia 1980 hadi 1986, kituo chao cha Langley kilirusha ndege ya kivita aina ya F-106B, iliyojazwa vipimo, ikaingizwa makusudi ndani ya dhoruba. Ilipigwa zaidi ya mara 700. Marubani hao wanastahili kukumbukwa, kwa sababu viwango vinavyomlinda abiria wa leo vilitokana kwa sehemu kubwa na vipimo walivyorudi navyo.

Ndiyo maana pia ndege huweza kupigwa ndani ya wingu ambalo halijatoa radi hata moja. Uga ulikuwepo, ila haukuwa na nguvu ya kuanza wenyewe.

Umeme ukishaingia, unaelekea wapi?

Huingia kwenye ncha moja, hupita juu ya ngozi ya ndege, na kutokea kwenye ncha nyingine. Ndege haihitaji kugusa ardhi ili umeme upite. Inatosha kuwa sehemu ya njia kati ya chaji mbili. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea 30,000 hivi, na njia yake hewani hufikia joto la karibu nyuzi 30,000, yaani kama mara tano ya joto la uso wa jua. Joto hilo hudumu muda mfupi mno, ndiyo sababu metali haiyeyuki yote.

Hata hivyo kuna jambo ambalo watu hulisahau: ndege inakwenda, lakini njia ya radi imesimama hewani. Chukua ndege inayoshuka kwa kasi ya mita 70 kwa sekunde. Radi ikidumu nusu sekunde, ndege imeshasogea mita 35, na hiyo inakaribia urefu mzima wa Boeing 737-800. Radi iliyoshika puani basi hushika tena nyuma kidogo, kisha tena nyuma, ikiacha alama za kuungua zilizopangana kwenye tumbo la ndege kuelekea mkiani. Fundi akiziona alama hizo anasoma safari yote ya ule umeme.

Mbona abiria hawarushwi na umeme?

Kwa sababu umeme hukaa nje. Mwaka 1836 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba chaji iliyowekwa kwenye kizimba cha metali hubaki upande wa nje, na aliyemo ndani haguswi. Bodi ya ndege hufanya kazi hiyohiyo, ingawa si kwa ukamilifu, maana ina madirisha na maungio. Kushika simu, kuwa chooni au kukaa kiti cha dirishani hakubadilishi lolote.

Nitajuaje kwamba ndege yetu imepigwa?

Utaona mmweko mkali na kusikia mshindo mmoja mzito, kama mlipuko. Taa za ndani zinaweza kupepesa. Wengine husikia harufu ya kuungua kwa muda mfupi. Mtikisiko unaousikia kwa kawaida hautokani na radi bali na upepo wa ndani ya wingu. Wahudumu wakiendelea na kazi zao kwa utulivu, hawafichi kitu. Rubani ameshaangalia vipimo vyake na kuona viko sawa.

Kwa rubani shida ya kwanza ni macho. Usiku mmweko huo unaweza kumpofusha kwa sekunde kadhaa, akashindwa kusoma vipimo. Kwa hiyo wanapokaribia dhoruba huwasha taa za chumba chao hadi mwisho, macho yazoee mwanga mapema.

Ndege mpya zimeundwa kwa nyuzi za kaboni. Je, si hatari zaidi?

Swali hili ni zito na lilistahili kuulizwa tangu siku ya kwanza. Karibu nusu ya uzito wa Boeing 787 ni kaboni iliyochanganywa na gundi ngumu, na Airbus A350 ina zaidi kidogo ya hapo. Kaboni hupitisha umeme, lakini vibaya sana ukilinganisha na alumini. Ikiachwa peke yake, radi ingeipasua tabaka kwa tabaka na kuichoma gundi yake.

Suluhisho limefichwa chini ya rangi. Wakati wa kuunda ngozi, mafundi huweka wavu mwembamba wa shaba juu ya kaboni, na wavu huo ndio unaobeba mkondo. Ukiungua sehemu moja, unakatwa na kuwekwa mwingine. Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu kiraka lazima kiungane kiumeme na wavu wa zamani pande zote. Ndege ya kaboni iliyopigwa huweza kudai matengenezo marefu kuliko ya alumini, na kwa maoni yangu huo ndio upungufu wake halisi. Usalama wake hewani ulipimwa kwa kiwango kilekile cha ndege za metali: mapigo ya maabara yanayofikia ampea 200,000.

Pua nayo ina taabu yake. Ndani yake mna rada ya hali ya hewa, kwa hiyo haiwezi kufunikwa kwa metali. Mawimbi ya rada yasingepita. Hutengenezwa kwa nyuzi za kioo, na juu yake hubandikwa vipande vyembamba vya metali vinavyotoka nchani kuelekea nyuma, ili radi ifuate vipande hivyo badala ya kutoboa pua na kuifikia rada. Bado pua hutobolewa mara kwa mara. Picha nyingi za ndege zilizopigwa radi ambazo umewahi kuziona, zenye tundu mbele, ni za sehemu hii.

Na mafuta? Mabawa si yamejaa mafuta?

Hapa ndipo hatari kubwa ilipokuwa, na somo lilipatikana kwa roho za watu.

Tarehe 8 Desemba 1963, Boeing 707 ya shirika la Pan American, safari namba 214, ilikuwa ikizunguka angani ikisubiri zamu ya kutua Philadelphia. Radi iliipiga. Mvuke wa mafuta ndani ya tangi la akiba la bawa la kushoto uliwaka na kulipuka, sehemu ya nje ya bawa ikakatika, na ndege ikaanguka karibu na mji wa Elkton, Maryland. Watu wote 81 walikufa. Mwaka 1976 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya jeshi la anga la Iran ilianguka karibu na Madrid baada ya radi kuwasha mvuke kwenye tangi la bawa, na watu 17 waliokuwemo wakafariki.

Kilichowaka si mafuta yenyewe bali mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche ndogo sana inatosha kuuwasha. Tangu hapo kila kitu kinachogusa tangi kilichunguzwa upya. Ngozi iliyo juu ya tangi ilipewa unene ambao radi haiwezi kuuyeyusha hadi ndani. Vifuniko, milango ya ukaguzi, mabomba na vipimo vya mafuta viliundwa ili mkondo upite bila kurusha cheche. Vichwa vya boliti vinavyotokeza ndani ya tangi huzibwa. Mafuta yaliyokuwa yakitoa mvuke mwepesi yaliachwa kwenye ndege za abiria karibu kila mahali, yakabaki yale yanayofanana na mafuta ya taa.

Kinga nyingine iliongezwa kwa sababu ambayo haikuwa radi. Mwaka 1996 ndege ya TWA, safari namba 800, ililipuka tangi lake la katikati, na wachunguzi wakaona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi kilikuwa hitilafu ya nyaya. Mwaka 2008 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikaagiza matangi yenye hatari hiyo yapunguziwe uwezo wa kuwaka. Njia iliyoshika ni kuyajaza hewa yenye naitrojeni nyingi na oksijeni kidogo, kiasi kwamba hata cheche ikitokea, mvuke hauwaki. Kwa hiyo leo kuna vizuizi viwili: cheche inazuiwa isitokee, na ikitokea haina cha kuwasha.

Je, kuna ndege nyingine zilizoangushwa na radi?

Inayojulikana zaidi ni safari namba 508 ya shirika la LANSA, Peru, tarehe 24 Desemba 1971. Ndege hiyo, Lockheed Electra ya mapanga, iliingia ndani ya dhoruba, ikapigwa na kusambaratika juu ya msitu wa Amazon. Kati ya watu 92 alipona mmoja tu, Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17, aliyeanguka akiwa amefungwa kwenye kiti chake na kutembea msituni kwa siku kumi na zaidi mpaka akapata watu. Ajali hiyo haikuwa ya radi pekee: uamuzi wa kuingia kwenye dhoruba ulitangulia.

Radi inaweza kuzima kompyuta za ndege?

Inaweza kuzisumbua, na kwa ndege za sasa naliona jambo hili kuwa zito kuliko matundu kwenye ngozi. Mkondo mkubwa unapopita juu ya bodi huzalisha uga wa sumaku, na uga huo huamsha umeme mdogo kwenye nyaya za ndani. Kwa ndege za zamani zilizoongozwa kwa kamba za chuma, hilo halikuwa na uzito. Lakini tangu Airbus A320 ianze kazi mwaka 1988, amri za rubani kwenye ndege nyingi mpya husafiri kwa nyaya na kompyuta. Nyaya hizo hufunikwa kwa wavu wa metali, vifaa huwekewa vizuizi vya msukumo wa umeme, na mifumo muhimu huwa zaidi ya mmoja, kila mmoja na njia yake, ili pigo moja lisiikumbe yote.

Tazama yaliyotokea Moscow tarehe 5 Mei 2019. Sukhoi Superjet ya Aeroflot, safari namba 1492, ilipigwa muda mfupi baada ya kupaa. Redio ilipata hitilafu na mfumo wa kuongozea ukashuka kwenye hali ya msingi, ambayo rubani huiongoza ndege bila msaada wa kompyuta. Ndege bado iliweza kuruka. Walirudi uwanja wa Sheremetyevo, wakatua kwa nguvu, ndege ikadunda mara kadhaa, miguu yenye magurudumu ikavunjika na moto ukalipuka. Watu 41 kati ya 78 walikufa. Radi haikuiangusha ndege ile. Iliwaachia marubani kazi ngumu ambayo ni nadra mtu kuifanyia mazoezi ya kutosha. Kwangu mimi mafunzo ya kurusha ndege kwa mkono yana haki ya kuhesabiwa kuwa sehemu ya kinga dhidi ya radi.

Injini kubwa huathirika mara chache. Dira ya sumaku, kwa upande mwingine, inaweza kupotoka kwa sababu vyuma vilivyo karibu nayo vimepata usumaku.

Vile vijiti vyembamba nyuma ya mabawa ni vya kukinga radi?

Hapana, na kosa hili limeenea mno. Vijiti hivyo ni vya umemetuli, yaani chaji inayojikusanya juu ya ndege yenyewe.

Ndege inapopita kwenye chembe za barafu, mvua, vumbi au majivu, kila chembe inayoigonga huiachia chaji kidogo. Kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa chembe hizo hazihesabiki, na chaji hujikusanya upesi. Isipopewa njia, hutoka yenyewe kwenye kingo kali za ndege na kwenye antena kwa vipigo vidogovidogo vinavyojaza redio mkwaruzo. Rubani anaweza kufika mahali asimsikie kabisa mwongozaji wa ndege aliye ardhini, tena wakati wa hali mbaya ya hewa, ambapo anamhitaji kuliko wakati wowote.

Vijiti hivyo huiachia chaji itoke polepole, mbali na antena. Vimewekwa kwenye kingo za nyuma za mabawa na mkia kwa sababu hapo ndipo chaji hukazana, na vimetengenezwa kwa kitu kinachopitisha umeme kwa ukinzani mkubwa, ili kutoka huko kusitoe kelele. Radi ikitokea hapo kijiti huungua ncha, wakati mwingine chote. Kimoja kikikosekana ndege si lazima isimame. Kitabu cha mtengenezaji hueleza ni vingapi vinaweza kukosekana na wapi.

Nimesikia marubani huona mwanga wa buluu kwenye kioo. Ni radi hiyo?

Ni umemetuli unaotoka. Mabaharia wa kale waliuona kwenye milingoti na kuuita moto wa Mtakatifu Elmo. Kwenye ndege hucheza juu ya kioo cha mbele kama vijimizizi vya buluu au zambarau. Hauchomi wala hauharibu, lakini humwambia rubani kwamba yumo kwenye uga mkali.

Mara moja ulikuwa dalili ya jambo jingine. Usiku wa tarehe 24 Juni 1982, safari namba 9 ya British Airways, Boeing 747, iliona mwanga huo kusini mwa Java huku rada haionyeshi dhoruba. Ilikuwa imeingia kwenye majivu ya volkano ya Galunggung. Injini zote nne zilizimika, zikawashwa tena baada ya ndege kushuka na kutoka kwenye majivu, na wote waliokuwemo walitua salama Jakarta. Rada ya hali ya hewa huona matone ya maji. Majivu makavu huyapita bila kuyaona.

Umemetuli una hatari wakati wa kujaza mafuta?

Una hatari, ndiyo maana kazi hiyo ina utaratibu usiorukwa. Mafuta yanapopita kwa kasi kwenye bomba, na hasa kwenye chujio, huchukua chaji na kuingia nayo tangini. Kabla ya kuunganisha bomba, mjazaji huunganisha waya kati ya gari na ndege ili vyote viwili viwe na hali moja ya umeme na pasiwe na cheche wakati wa kugusana. Waya huwa wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa. Mara nyingi mafuta huongezewa pia dawa kidogo inayoyafanya yapitishe umeme vizuri zaidi, chaji isikae humo muda mrefu.

Kwa nini ndege iliyopigwa hucheleweshwa hata kama inaonekana nzima?

Kwa sababu alama nyingi hazionekani kwa kupita tu. Mafundi huanza kutafuta mahali radi ilipoingia na ilipotokea. Fundi hupanda na tochi, akamulika kwa pembeni ili kila kovu litoe kivuli, akipapasa ribiti, yaani pini zinazoshikilia ngozi ya ndege, moja baada ya nyingine. Kichwa cha ribiti kilichopigwa kinakuwa na kishimo chenye ukingo unaokwaruza, na rangi pembeni yake imegeuka nyeusi au imevimba. Ukubwa wa kishimo hupimwa na kulinganishwa na kitabu: mpaka hapa ruhusa, zaidi ya hapa kiraka.

Kisha huja bawaba za sehemu zinazochezacheza kwenye bawa na mkia. Kila moja ina mkanda wa shaba iliyosukwa unaoiunganisha kiumeme na bawa lenyewe. Mkanda ukikatika, mkondo wa radi inayofuata utapita kwenye beringi na unaweza kuigandisha. Baada ya hapo redio, dira na vifaa vya kuongozea hupimwa. Saa kadhaa kwa kazi hiyo si nyingi, na fundi anayekataa kuharakishwa anakufanyia wema.

Marubani hukwepaje?

Hutumia rada na taarifa za hali ya hewa, na kanuni inayofundishwa sana ni kukaa umbali wa maili 20 za baharini, yaani kama kilomita 37, kutoka kwenye dhoruba kali. Sababu kubwa si radi bali mvua ya mawe na mikondo ya upepo iliyomo humo.

Mbona tumetua lakini hatuteremshwi, eti kuna radi uwanjani?

Wewe uliye ndani ya ndege umekingwa. Mfanyakazi aliye chini hajakingwa. Radi ikiipiga ndege iliyoegeshwa, umeme hutafuta njia ya kufika ardhini, na mtu aliyeshika mlango wa mizigo, au anayezungumza na rubani kupitia waya wa sikioni, anaweza kuwa njia hiyo. Watu wameumia kwa namna hii. Kwa hiyo radi ikikaribia kilomita chache kutoka uwanjani, wapakiaji, wajazaji mafuta na waelekezaji huondolewa huko nje na kuingizwa ndani, na bila wao ngazi haisogezwi na mizigo haishuki. Wataitwa warudi kazini radi ikishapita dakika kadhaa bila kurudia.